Barafu nimeiacha, kusimama kumenishinda

SWALI: Nimeteleza kwenye barafu miaka sita. Sasa nimehamia viatu vya magurudumu manne ya mstari mmoja. Kwenda naweza, kusimama ndiyo kazi. Jana niligeuza miguu upande kama nilivyozoea, nikaangukia viganja. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana, dada. Mimi nami nilianguka hivyohivyo wiki yangu ya kwanza. Kwenye barafu, chuma cha chini ya kiatu kikigeuzwa upande hukwangua barafu, mwendo ukapungua. Gurudumu hung'ang'ania lami: mguu unakwama, mwili unaendelea mbele. Mbinu hiyo iache kwanza.

Tumia breki ya kisigino, kile kipande cha mpira kilicho nyuma ya kiatu kimoja, mara nyingi cha kulia. Kunja magoti, tanguliza mguu wenye breki, inua vidole vyake, kisha kandamiza kisigino taratibu. Kiwiliwili kisilale nyuma. Anza mapema, maana breki hii haikusimamishi papo hapo. Rudia polepole mpaka mguu uzoee.

Ule msukumo wako wa pembeni wa kujisogeza mbele kwenye barafu unafaa vilevile huku. Ila kokoto moja tu hukwamisha gurudumu, kwa hiyo macho mbele. Na vikinga viganja, tafadhali, vaa kila siku.