Chuo kidogo na ndoto ya Saint Peter's

Kaka, umeuliza kwa nini chuo kidogo cha Kikatoliki kisimwage hela kwenye mpira wa kikapu kama Saint Peter's. Lakini tazama kilichofuata pale. Machi 2022 chuo hicho cha Wajesuiti cha Jersey City, Marekani, kiliingia mashindano ya taifa ya vyuo kikiwa kimepangwa namba 15 kwa ubora katika kanda yake, karibu mkiani, kikaitoa Kentucky, kisha Murray State, kisha Purdue 67-64, kikaingia nane bora. Kabla yao hakuna timu ya namba hiyo iliyowahi kufika hapo. Wakaja North Carolina wakawafunga 69-49. Siku chache tu baadaye kocha Shaheen Holloway akahamia Seton Hall, Wakatoliki wenzao wenye mfuko mnene (na ndiko aliposoma, simlaumu), na wachezaji wengi nao wakatawanyika.

Mimi ningebaki daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Kule hakuna ufadhili wa michezo: kijana anakuja kucheza soka au kukimbia, na ada analipa kama wenzake. Kwa chuo chenye madarasa yasiyojaa, wakimbiaji thelathini ni thelathini waliosajiliwa. Mkurugenzi wa michezo kule ni nusu ofisa udahili.