Doa linatoka, likikauka linarudi

Shikamoo fundi. Mwanangu alimwaga kahawa ya maziwa kwenye zulia la sufu sebuleni. Nilimimina maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi mpaka doa likapotea. Zulia lilipokauka, doa likarudi, tena limetanuka na limefanya ukingo wa kahawia. Nimerudia, nalo likarudia. Au kahawa haitoki kwenye sufu? – Mama wa mapacha

Marahaba. Kahawa inatoka, ila wewe hukuitoa, uliizamisha. Maji uliyomimina yaliibeba mpaka kwenye mashina ya manyoya na kitambaa cha chini. Zulia huanza kukauka juu, na maji yaliyobaki chini hupanda kwenye nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yakifika juu yanakwenda na hewa, uchafu yaliokuja nao unabaki kwenye ncha. Sabuni isiyosuuzwa nayo hunata na kuokota vumbi la nyayo. Ndiyo maana kuna madoa yanayorudi baada ya wiki kadhaa, yakiwa meusi.

Fanya hivi. Kwenye robo lita ya maji baridi tia nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na rangi, na kijiko kimoja cha mezani cha siki nyeupe. Kwanza loweka kitambaa cheupe humo, ukigandamize dakika mbili kwenye pembe isiyoonekana. Kikitoka na rangi ya zulia, ishia hapo, kazi hiyo ni ya fundi. Kikitoka cheupe, endelea: chovya, kamua mpaka kisidondoshe, kisha bonyeza doa kuanzia ukingoni kwenda katikati. Bonyeza, inua, geuza upande safi. Usisugue, manyoya ya sufu yakishavurugika hayalali tena kama mwanzo. Baadaye rudia kwa maji matupu mpaka povu liishe.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Kunja taulo jeupe kavu mara nne, lilaze juu ya doa, funika kwa mfuko wa plastiki na pandisha vitabu vizito. Liache mpaka asubuhi. Maji yatapanda vilevile, ila uchafu utaishia kwenye taulo. Mimi hulitazama taulo lenye duara la kahawia kwa raha kuliko zulia lenyewe. Lako limeshazama mara mbili, kwa hiyo huenda ukahitaji kubadilisha taulo na kurudia usiku wa pili. Mwisho inua zulia, upepo wa feni ulifikie juu na chini.

Maji ya moto na sabuni ya unga viache kwa nguo. Maziwa yana protini, na joto huigandisha kwenye nyuzi. Damu na yai ni hivyohivyo. Sufu nayo ni protini kama nywele zako, na sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vilivyowekwa mahususi kula protini. Klorini usiisogeze kabisa: uzi wa sufu ukikaa humo unayeyuka.

Kwa wasomaji wasiojua zulia lao ni la nini: chomoa kauzi kamoja upande wa chini, ukachome juu ya sinki. Kakinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopondeka vidoleni, ni sufu au hariri. Kakiyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu, ni nailoni, poliesta au ndugu zao. Kakinuka karatasi, ni pamba au jamii yake.

Fundi, pole na kazi. Paka wetu alikojoa kwenye zulia. Nilisafisha kwa dawa yenye amonia, harufu ikaisha. Siku zenye unyevunyevu inarudi, na paka naye anarudi palepale. – Mwenye paka mkaidi

Paka msamehe. Mkojo ukikaa hutoa harufu ya amonia, nawe umempakia amonia nyingine juu yake. Kwake hapo ni chooni. Harufu inayofufuka inatokana na fuwele za asidi ya uriki, ambazo haziyeyuki kirahisi kwenye maji na huamka hewa ikiwa na unyevu. Tafuta dawa ya vimeng'enya ya mkojo wa wanyama, usome kwanza kama inaruhusiwa kwenye aina ya zulia lako. Hapa ule ubahili wa maji niliouhubiri juu hauna kazi: dawa lazima ifike kote mkojo ulikofika, ikae mbichi kwa muda ulioandikwa. Kama kuna sponji chini ya zulia na imelowa, itupe.

Tulipovuta kochi tumekuta zulia la sufu lina vipara na vumbi kama mchanga. Ni panya? – Msomaji

Ni viwavi vya nondo wa nguo. Huo "mchanga" ni kinyesi chao. Hupenda giza na mahali pasipokanyagwa. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi juu na chini, mfuko wake ukautupe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Zulia dogo lifunge vizuri kwenye plastiki, likae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Kubwa lipeleke likafuliwe zima, na kochi livutwe kila mwezi. Vipara vinaweza kushonewa manyoya mapya, ila hakikisha kwanza viwavi wameisha.