Swali la lugha: paa la hema, la mvutano, au la kuwamba?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma usanifu majengo hapa Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Nimesanifu soko lenye paa la kitambaa kilichokazwa kwa nyaya na milingoti, nikaliunda kwa programu ya Rhino. Bango la maonyesho tulitakiwa kuliandika kwa Kiswahili, maana wafanyabiashara wa soko watakuja kuliona. Niliandika: "Paa la mvutano lenye mikunjo miwili. Limechorwa kwa kompyuta na litaezekwa kwa turubai." Mhadhiri hakugusa mchoro, sentensi ndizo alizozipiga mstari mwekundu. Mwenzangu ananiambia niandike "paa la hema", mwingine "paa la tensaili". Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Usishike lolote kati ya hayo.

"Mvutano" si neno baya. Limetokana na kuvutana, huyu huku na yule kule, na nyuzi za kitambaa chako hufanya hivyohivyo. Lakini mama muuza nyanya akisoma "paa la mvutano" atadhani soko lina kesi na manispaa. Liache neno hilo litaje nguvu iliyomo ndani ya uzi, lisiwe jina la paa. "Hema" linataja mfano tu: paa lako linafanana na hema, basi. Na "tensaili", la Kiingereza tensile, sina ugomvi nalo, ila hukopa aliyepungukiwa, na hapa hatujapungukiwa. Tuna kitenzi kuwamba.

Ngozi huwambwa kwenye ngoma, kamba huwambwa kwenye kitanda. Mwamba ngoma, walisema wahenga, ngozi huivutia kwake. Walikuwa wakimsema mchoyo, lakini ufundi wenyewe waliuona sawasawa: kitu chepesi, kisichoweza kusimama peke yake, kinapata nguvu kwa kuvutwa kutoka kila upande. Katika paa lako kila mlingoti unavutia kwake, na ni kwa sababu yote inavuta ndipo paa linatulia. Kuna pia kile kitanda cha kamba kiitwacho teremka tukaze. Jina hilo ni somo zima la uhandisi. Kamba hukazwa kabla mtu hajalala, na ikilegea anateremshwa ikazwe tena. Kitambaa cha paa nacho hukazwa kabla upepo haujaja, na baada ya muda huenda kikahitaji kukazwa upya.

Basi andika "paa la kuwamba". Usiandike "la kuwambwa", ingawa paa ndilo linalotendwa. Tunasema mkate wa kumimina, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, na hakuna anayedhani samaki ndiye anayekaanga. Najua wapo watakaokumbuka kuwambwa msalabani. Ni kitenzi kilekile, na maana ya kuvuta mpaka kitu kikakazika ndiyo iliyozaa zote.

Ukishakubali kuwamba, "litaezekwa" linaanguka lenyewe. Nyumba tunaipaua kwanza, kenchi zikasimama, kisha tunaiezeka kwa makuti au bati. Kuezeka ni kufunika kitu ambacho tayari kimesimama. Chini ya kitambaa chako hakuna kenchi, na kinachofunika ndicho kinachobeba. Kwa kitambaa chenyewe jina zuri ni "utando", neno tunalolitumia kwa kile kinachotanda juu ya maziwa yaliyopoa na kwa nyumba ya buibui. "Turubai" liachie lori na shughuli za harusi. Mahujaji waliopita uwanja wa ndege wa Jeddah wamekaa chini ya utando wa namna hii: jengo la mahujaji lililofunguliwa 1981 lina mapaa 210 ya nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, yakining'inia kwa nyaya kutoka kwenye nguzo za chuma. Ukimwambia aliyekaa pale kwamba lile ni turubai atakushangaa.

Sasa "mikunjo miwili", ambalo naamini ndilo lililomchoma mhadhiri. Mkunjo ni alama inayobaki nguo ikikunjwa, au kile kinachotokea kwenye shati lisilopigwa pasi. Kwenye paa la kuwamba mkunjo ni ugonjwa, dalili kwamba sehemu fulani haikuvutwa. Umeandika kwenye bango kwamba paa lako lina kasoro mbili! Ulitaka kusema kupinda, na kupinda kwa Kiswahili kuna pande zake. Walimu wa fizikia wametuzoesha lenzi mbinuko, iliyovimba, na lenzi mbonyeo, iliyoingia ndani. Paa lako lina vyote mahali pamoja: ukilifuata toka mlingoti hadi mlingoti linabonyea, ukilikata kwa upande wa pili linabinuka. Neno moja linalobeba yote hayo ni "tandiko", lile la mgongoni mwa punda. Umbo la tandiko. Mama muuza nyanya ataliona mara moja, na mhandisi hatakupinga, maana upinde wa upande mmoja ndio unaoshikilia ule wa pili, upepo ukisukuma kutoka chini au mvua ikilemea kutoka juu.

Limebaki "limechorwa". Hapa ninauliza badala ya kujibu: ulichora kweli? Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hizo programu, aliwahi kuniketisha mbele ya skrini akanionyesha njia mbili. Ya kwanza, unachora mistari iliyopinda na kutandaza uso juu yake, ukapata tandiko zuri la kuangalia. Kompyuta hailalamiki, kwa kuwa haijui kwamba ni kitambaa. Ya pili, ndani ya Grasshopper, sehemu ya Rhino ya kuunda maumbo kwa kanuni, na kiongezi chake Kangaroo kinachoiga nguvu, unaanza na wavu bapa, unafunga pembe zake kwenye milingoti, unaziamuru nyuzi zijifupishe, halafu unaacha. Wavu unapanda na kushuka, unatetemeka kidogo, unatulia. Umbo hukulichora wewe, umelitafuta, na nyuzi ndizo zilizoamua.

Njia hiyo ya pili ni ya zamani kuliko kompyuta za mezani. Frei Otto, msanifu majengo wa Ujerumani aliyefariki 2015, alichovya fremu za waya na uzi kwenye maji ya sabuni na kupima utando uliobaki, kwa kuwa utando wa sabuni hujivuta mpaka eneo lake liwe dogo kabisa. Kwa mapaa ya Olimpiki ya Munich ya 1972 vielelezo vya mkono havikutosheleza usahihi uliotakiwa, wakaingia wataalamu wa hesabu. Klaus Linkwitz na Hans-Jörg Schek waliupa kila uzi wa wavu uwiano wa nguvu kwa urefu wake, na mahali pa kila fundo pakapatikana kwa milinganyo rahisi. Kwa hiyo, kama ulipita njia ya pili, andika "umbo limetafutwa". Kama ulipita ya kwanza, "limechorwa" ni ukweli mtupu, na tatizo lako halipo tena kwenye lugha.

Ukienda mbele kidogo utayahitaji maneno ya mafundi wengine. Tandiko halilaliki bapa, kama ganda la chungwa lisivyolalika bila kupasuka, hivyo utando hukatwa vipande kama fundi cherehani akatavyo nguo. Hapo utaulizwa kitambaa kimelazwa vipi: mtande, zile nyuzi za urefu, umeelekea wapi, na mshindio, zile zinazopita katikati yake, umeelekea wapi, kwa sababu hazinyooki sawa zikivutwa. Waya unaopita ukingoni mwa utando, mabaharia wa majahazi walishaupa jina: dasi, kamba inayoshonewa pembeni mwa tanga ili lisichanike. Mimi ningelichukua bila kuomba ruhusa. Ila usije ukaita mapaa yako "matanga" kwa wingi, watu wataleta rambirambi.

Bango lako lisomeke hivi: "Paa la kuwamba lenye umbo la tandiko. Umbo limetafutwa kwa kompyuta. Utando utakatwa vipande, utaunganishwa, kisha utawambwa kwenye milingoti kwa nyaya." Idadi ya milingoti uiongeze mwenyewe, hukuniambia.