Maswali ya Wasomaji: Ukoo wa kirusi husomwaje?

Swali: Hapa Butembo tuliambiwa kwamba Ebola ya Februari 2021 ina undugu na ile ya 2018 hadi 2020. Wanajuaje? Na je, vipimo hivyo vinaweza kusema nani alimwambukiza nani? (Msomaji, Butembo)

Jibu: Undugu huo umeandikwa ndani ya kirusi chenyewe. Kirusi cha Ebola kina uzi mmoja wa RNA (kemikali inayobeba maelekezo yake) wenye herufi 19,000 hivi. Kinapojinakili hukosea herufi mara mojamoja, na kosa likidumu hurithiwa na uzao wote unaofuata. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi makosa hayo yalikuwa kama 23 kwa mwaka, yaani moja kila baada ya siku 16 hivi. Virusi vinavyoshiriki makosa yaleyale vina babu mmoja.

Chukua Kivu Kaskazini, mkoa wenu. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, wiki moja tu baada ya ule wa Équateur, mkoa mwingine wa Kongo, kutangazwa umekwisha. Wengi wangedhani ni moto uleule umeruka. Yote miwili ilikuwa Ebola ya aina moja, iitwayo Zaire, lakini herufi zilionyesha koo mbili tofauti.

Guinea ilikuwa kinyume. Virusi vya Februari 2021 vilitofautiana na vya 2014, vya mlipuko ule wa Afrika Magharibi, kwa herufi 12 hivi, wakati kwa kasi ile zingetarajiwa zaidi ya 100. Kirusi kinachopita mtu kwa mtu hakibaki vile miaka yote hiyo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba kilikuwa kimetulia mwilini mwa mtu aliyepona. Tafadhali, hilo lisimfanye mtu amkimbie aliyepona. Kumshika mkono au kula naye hakuambukizi. Kirusi huweza kujificha sehemu chache, kama jicho na korodani, kwa hiyo wanaume waliopona hupimwa shahawa, nao hutumia kondomu mpaka majibu mawili yatoke hayana kirusi.

Sasa nani kamwambukiza nani? Herufi peke yake hazitoshi. Ebola huchukua takriban wiki mbili kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, muda ule ule wa kosa moja. Mama, mwanawe na muuguzi wao wanaweza kuwa na virusi vinavyofanana herufi kwa herufi. Lakini wagonjwa wawili wa nyumba moja wakitofautiana kwa herufi 10, hawakuambukizana mwezi huo: kila mmoja aliupata kwingine, na wafuatiliaji warudi kuuliza upya tarehe za homa na misiba waliyohudhuria.

Swali: Sampuli zetu zina PCR (kipimo cha kutafuta kirusi) chanya, lakini jenomu, yaani herufi zote za kirusi, inatoka na mapengo. Tunakosea wapi? (Mwanafunzi wa maabara, Mwanza)

Jibu: Angalia Ct kwanza, yaani idadi ya mizunguko ya PCR kabla kirusi hakijaonekana. Ikipita 30, kirusi ni kichache na mapengo ni ya kutegemewa. Ct ikiwa ya chini, shuku RNA iliyooza kwa kuyeyushwa na kugandishwa tena na tena. Igawe kwenye vichupa vidogo tangu siku ya kwanza.

Kama mnakuza vipande vya herufi 400 vinavyopishana, vipande jirani visikae mrija mmoja. Gaweni mirija miwili, namba shufwa huku na witiri kule, la sivyo praima (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili) za jirani zitatengeneza kijipande kifupi kitakachomeza kemikali yote. Pengo likirudi palepale kwa kila mgonjwa, huenda kirusi kimebadilika mahali praima inaposhika. Badilisheni praima hiyo.

Kila safari ya kusoma sampuli wekeni mrija wa maji matupu. Maji yakitoa herufi za kirusi, safari nzima haifai. Kateni herufi za praima kabla ya kulinganisha, kwa sababu hizo ni za kiwandani, si za mgonjwa. Na mahali paliposomwa chini ya mara 20 andikeni N, yaani herufi haijulikani. Msijaze kamwe kwa herufi za jenomu ya rejea, ile ya zamani mnayolinganishia: mgonjwa wa jana ataonekana ndugu wa kirusi cha miaka iliyopita, na timu itatumwa kijiji kisicho chake.