Mwanangu, magoti hayasomi ratiba

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unauliza kama siku sita zinatosha kuzunguka vituo vitano vya skii, vya kuteleza kwenye theluji, kule Utah, Marekani, au mkae kimoja tu wiki nzima. Wewe unataka kimoja, mumeo anavitaka vyote. Hukuuliza nani kati yenu ana haki, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, najua unachouliza. Nitakujibu la ratiba. Hilo jingine nitajitahidi kuliacha.

Zinatosha. Milima ile imekaribiana. Mkilala Salt Lake City, Brighton na Solitude ziko kwenye korongo moja, Big Cottonwood. Alta na Snowbird ziko korongo la jirani, Little Cottonwood, tena zimepakana hivi kwamba anayejua skii huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kuzivua. Park City na Deer Valley ziko upande wa pili wa milima. Vyote mnavifikia kwa gari asubuhi hiyohiyo, barabara ikiwa wazi. Hayo maneno matatu ya mwisho yashike.

Na mwambie mumeo kabla hajalipia chochote: yeye si anateleza kwa ule ubao mmoja wa miguu yote miwili, snowboard? Alta na Deer Valley hawampandishi. Wanapokea wenye skii mbili tu, na hawabembelezeki. Kwenye orodha uliyonitumia vyote viwili vimo. Basi vitano vimeshakuwa vitatu, na ndege hamjapanda.

Lakini kutosha si hoja. Magoti hayasomi ratiba. Najua mmechoka kunisikia nikisema hivyo, na kaka yako hunicheka, ingawa siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama jengo lina lifti.

Unaikumbuka ratiba ya baba yako, ile ya mwaka 2007? Ulikuwa na miaka kumi, lazima unaikumbuka. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati la hoteli. Jumatatu Brighton, Jumanne Solitude, Jumatano Alta, Alhamisi Snowbird, Ijumaa Park City, Jumamosi Deer Valley. Mbele ya kila jina kijisanduku cha kuweka alama ya vema. Nilimwambia siku ya tatu tupumzike. Akasema tutapumzika kwenye ndege.

Jumatatu nilianguka hadi nikaacha kuhesabu. Jumanne mchana nikaanza kugeuka kushoto bila kuomba dua, kulia bado. Jioni nikashuka njia nzima ya buluu pale Solitude, na baba yako akanipigia makofi mbele za watu. Nikavimba kichwa. Hapo ndipo nilipokosea, na wewe usije ukakosea hapohapo. Kule njia za kijani ni za wanaoanza, buluu ni za wastani, na zenye almasi nyeusi ni za wenye roho zao. Ila rangi hizo kila mlima unajipimia wenyewe. Buluu ya Solitude ni buluu kwa sababu ni ngumu kuliko kijani ya Solitude, basi. Haijaandikiana mkataba na buluu ya mlima mwingine. Anayehama mlima kila siku huhama na ushujaa wa jana, na ushujaa wa jana haufanyi kazi leo.

Jumatano theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na barabara ya Little Cottonwood ikafungwa. Barabara ile inapita chini ya miteremko inayoporomosha theluji, na miaka ile walikuwa wakiipiga kwa mizinga ya kijeshi ili iporomoke wakati hakuna mtu chini. Tukakaa kwenye foleni ya magari mdomoni mwa korongo. Nyinyi nyuma mkalala. Baba yako akagonga usukani kwa kidole kimoja, tk, tk, tk, mpaka tukageuza gari. Mimi moyoni nilikuwa nashukuru. Siku ya tatu, mapumziko, na sikuhitaji kugombana na mtu.

Kumbe kile kijisanduku kitupu kilimnyima usingizi. Alhamisi akaamua: Alta asubuhi, Snowbird mchana.

Alta sina la kusema juu yake, ilikuwa nzuri, viatu vilinibana. Saa nane tuko Snowbird ndani ya lile gari kubwa la waya linalopanda hadi Hidden Peak, kiasi cha mita 3,350 juu ya usawa wa bahari. Tumesimama kama mishikaki, skii zimeelekea juu, na mtu wa nyuma yangu anapumua kwenye kofia yangu. Nikauliza kuna njia ya kushukia mtu kama mimi? Baba yako akasema ipo, inaitwa Chip's Run, ni buluu tu, kama ya juzi.

Kama ya juzi! Nilipotoka pale juu upepo ulinisukuma hatua mbili nikiwa nimesimama. Hewa haitoshi, kifua kinapanda na kushuka kama nimekimbizwa. Nikatazama ile buluu. Rehema, mguu mmoja ulikataa, na wa pili ukamfuata mwenzake.

Nikasema, "Tangulieni, nitawafuata polepole."

Baba yako akatazama saa yake. Akasema sawa, akamwita kaka yako, wakashuka. Wewe uligeuka ukanitazama mara mbili. Nilikuona, kofia yako nyekundu. Yeye hakugeuka hata mara moja.

Miaka yote hii hilo ndilo linaloniuma. Mlima wala hauniumi. Na linaniuma zaidi kwa sababu ya Boit. Unajua baba yako anavyompenda Philip Boit, yule Mkenya aliyeshindana kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mbio za skii za kilomita 10, akafika wa mwisho. Wiki nzima ile nikianguka naambiwa, "Boit alimaliza, na wewe utamaliza." Sawa, Boit alimaliza. Lakini aliyeshinda mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alisimama kwenye baridi kama dakika 20 akimsubiri amkumbatie. Mtu asiyemjua! Sehemu hiyo baba yako huwa haisimulii.

Ngoja, nisimwonee. Nilimwambia mwenyewe atangulie. Nilisema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, na yeye ni mtu wa kuamini anachoambiwa, nilimpendea hilo. Angebaki ningemfokea kwamba ananiona mtoto. Lakini na saa je? Kwa nini atazame saa?

Haya. Nilijaribu. Nilishuka kama mita tatu, nikapanda tena kwa ubavu, hatua kwa hatua kama kaa, mita tatu zilezile. Kisha nikamwendea kijana wa gari la waya nikamuuliza kama linarudi na watu. Akasema kila siku, mama, simama hapa. Hakucheka. Walikuwepo wengine pia, mzee mmoja mwenye goti lililofungwa bandeji na mwanamke mwenye kamera. Sisi watatu tukashuka ndani ya chombo kizima, nafasi ya kucheza ngoma. Dakika kumi hazikufika.

Chini nikafungua viatu, nikanunua chokoleti ya moto, nikakaa juani. Nilikuwa nimekwisha maliza kikombe mlipotokea, kaka yako analia, skii yake moja iliponyoka mkaitafuta kwenye theluji laini. Baba yako akaniona. Akasimama. Akauliza, "Umefika lini?"

Nikasema, "Zamani."

Ndiyo hiyo. Ndiyo habari yote ya Hidden Peak. Ile picha ya sebuleni, ile hotuba aliyoitoa kwenye harusi yako kuhusu mwanamke aliyewashinda wanaume watatu mlimani (na kukuhesabu wewe kuwa mwanamume), vyote vimesimama juu ya neno moja. Na halikuwa uongo. Nilikuwa nimefika zamani. Hakuna aliyeniuliza nimefikaje. Ingawa, nikisema kweli, ulikuwa uongo. Nilimwona macho yanamng'aa, nikaona akijifunza upya mke aliyemwoa, na sikutaka kumtoa hapo. Nilikuwa pia na hasira. Nilitaka aumie kidogo kwamba nimemshinda. Vyote viwili, sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Usimwonyeshe barua hii. Au mwonyeshe nikishakufa. Hapana, usimwonyeshe.

Ijumaa ndiyo siku ninayotaka uikumbuke. Nilisema magoti yananiuma, na yalikuwa yananiuma kweli. Wao wakaenda Park City. Mimi na wewe tukapanda basi la skii tukarudi Brighton, kwenye mlima tuliokwisha kuujua, na njia ile ile tukaishuka mara kumi na moja. Wewe ndiye uliyehesabu. Mara ya tatu nikajua penye barafu. Mara ya tano nikajua pa kugeukia kabla ya ule msonobari uliopinda. Mara ya saba nikagundua kwamba sijatazama miguu yangu tangu juu. Nilikuwa natazama milima. Kulia nikageuka, kushoto nikageuka, na wewe mbele unaimba kitu ambacho hakikuwa na maneno. Wiki nzima, siku niliyocheza skii ni hiyo moja. Zile nyingine nilikuwa nasafirisha viatu.

Sasa utasema nimeshachagua upande. Sijachagua. Mumeo si baba yako, na wewe una magoti ya miaka ishirini na tisa. Huenda kuna watu wanaofurahia kila siku mlima mpya, ramani mpya, maegesho mapya, nusu ya asubuhi wanatafuta choo kiko wapi. Sitasema nani ana haki. Nina maoni, yamenijaa mdomoni hapa, lakini ndoa ni yenu. Nitakuuliza moja tu: akiwa ametangulia, huwa anageuka?

Usinijibu mimi.

Mkienda Snowbird na mkapanda hadi juu, kabla ya kutoka uliza gari la mwisho la kushuka linaondoka saa ngapi, na uliza ukiwa peke yako.

Baba yako kapita hapa sasa hivi, anauliza naandika nini chote hiki. Nimemwambia nakueleza habari za glavu. Basi tafadhali, nunua glavu nzuri zisizopitisha maji, na za pili za akiba, ili nisiwe nimemdanganya mara mbili.

Mama yako