Betri iliyofia melini, nyaya zilizogeuzwa yadini

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Gari langu dogo la lita 1.5 limeshuka Dar es Salaam likitokea Japani. Betri ilikuwa imekufa, vijana wa yadi wakalibusti kwa nyaya za betri nyingine. Zikaruka cheche kubwa, wakageuza nyaya, likawaka. Tangu hapo taa ya betri kwenye dashibodi haizimiki na redio iko kimya. Fundi anasema ninunue kontrolboksi (kompyuta ya injini) nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Tafadhali usinunue bado. Kwa maelezo yako, chanya iliwekwa kwenye hasi, na hapo anayeumia kwanza ni alteneta, mashine inayochaji betri injini ikinguruma. Diodi zake hupitisha umeme upande mmoja tu. Nyaya zikigeuzwa, zinaachia mkondo mkubwa na fyuzi nene ya alteneta inakatika. Mara nyingi ni ya ampea 100 au 120, kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Gari bado linawaka kwa sababu stata, mota inayoizungusha injini iwake, huchukua umeme wake moja kwa moja kwenye betri.

Pima kwa multimita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.7, ikinguruma, isome 13.8 hadi 14.5. Ikibaki 12 na kushuka, chaji haifiki. Zima injini, pima waya mnene nyuma ya alteneta: ukikuta sifuri ilhali betri ina volti 12, fyuzi hiyo imekatika.

Usikimbilie kuibadilisha. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha fungua ule waya mnene. Weka multimita kwenye alama ya diodi, upime kati ya nguzo ya alteneta na chuma chake, kisha geuza ncha. Isome upande mmoja tu. Ikilia pande zote mbili, diodi zimekufa na fyuzi mpya nayo itaungua. Na fundi asikufungie kipande cha waya badala ya fyuzi! Siku ya hitilafu, waya huo ndio utakaowasha moto.

Redio: angalia fyuzi yake na ile iliyoandikwa DOME (ya taa ya ndani). Kontrolboksi iwe ya mwisho kushukiwa.

Kwa nini betri ilikufa? Gari lililozimwa bado linanyonya, tuseme miliampea 40 kwa ajili ya saa, alamu na kompyuta. Kwa siku 40 ni ampea-saa 38, na betri ya 46B24L, saizi ya magari madogo, ina takriban 36. Ichaji polepole, ampea 4, usiku kucha. Ikipumzika kwa muda wa saa 12 na kushuka chini ya volti 12.2, nunua nyingine yenye herufi ileile ya mwisho. L na R hupishana upande wa nguzo, na wanaobusti kwa kukariri upande ndio wanaounguza magari. Soma alama + kwenye betri yenyewe, hata kama imefunikwa na ule unga wa kijani.

SWALI: Redio ya gari langu kutoka Japani inashika stesheni mbili tu. Imeharibika?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. FM ya Japani huanzia 76 hadi 90, redio mpya zaidi hadi 95. Yetu ni 88 hadi 108. Funga bendi ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni zetu yaingie kwenye redio hiyo, kati ya waya wa antena na redio, uipe volti 12. Namba utakazoona hazitalingana na za stesheni, lakini sauti itakuja.