Trei ya mayai 28, na akili unde inasema 30

Piga picha ya trei iliyopungua mayai mawili, kisha iulize akili unde yako mangapi. Usishangae ikijibu 30. Haikuhesabu. Imeona trei, na trei inajulikana kuwa ya mayai 30. Mtu angepitisha kidole safu kwa safu, na jicho lingegota penye shimo tupu.

Chanzo kimojawapo ni namna picha inavyoingia. Modeli, yaani programu ya akili unde, iitwayo ViT (Vision Transformer) ya mwaka 2020, ambayo nyingi za leo zimefuata muundo wake, hubana picha hadi pikseli (nukta ndogo za picha) 224 kwa 224, halafu huikata miraba ya 16 kwa 16. Hiyo ni miraba 196 tu! Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 ikibanwa hivyo, herufi yenye upana wa pikseli 36 inabaki na 2. Modeli mpya hupokea picha kubwa zaidi, lakini kikomo kipo, na kilichopotea hakirudi. Pasipoonekana, hukisia, tena kwa kujiamini. Hilo ndilo la kuogopa.

Kwa hiyo risiti ndefu usiitume nzima. Ikate vipande vya mistari isiyozidi kumi, na mstari wa mwisho wa kipande kimoja uwe wa kwanza wa kinachofuata, ili usipotee hata mmoja. Iagize kwanza inukuu neno kwa neno, na penye ukungu iweke alama ya kuuliza badala ya kujaza. Jumla piga mwenyewe kwa kikokotoo. Isipolingana na ya kwenye karatasi, anza kukagua tarakimu zinazofanana: 3 na 8, kisha 1 na 7.

Mayai nayo, tuma safu moja moja.

Saa ya mishale ni mtego mwingine. Matangazo ya saa hupenda kuweka mishale kwenye 10:10, basi modeli imeuzoea mkao huo na huutaja hata mishale ikiwa kwingine. Sisi tuna utata wa ziada, maana 10:10 kwetu ni saa nne na dakika kumi. Uliza mshale mfupi umeelekea namba gani na mrefu namba gani, halafu saa isome mwenyewe.

Kipimo cha dawa kwenye chupa, namba ya akaunti, namba ya kutuma pesa: hivyo visome kwa macho yako, hata jibu likija limenyooka vipi.